Khilla ya Shetani: Safari Yetu ya Soko la Dawa la Kairo

Msafiri atokaye pwani yetu akafika Kairo, jambo la kwanza alitamanilo ni kusali rakaa mbili katika Msikiti wa Azhar, uliojengwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nasi tulifanya hivyo, tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini safari yetu hii ilikuwa na haja nyingine, na haja hiyo ndiyo tutakayo kuwasimulia ndugu zetu wasomaji, kwani huenda imo katika nyumba nyingi za Waislamu, imefichwa ndani ya mikono mirefu ya kanzu na buibui.

Mwenyeji wetu alikuwa mtoto wa ndugu yetu, kijana anayesoma huko. Tangu alipobaleghe ana maradhi ya ngozi yaitwayo soriasisi: mabaka mekundu yenye magamba meupe, viwikoni, magotini na kichwani. Huku kwetu watu waliyaona magamba yale wakanong'ona kuwa ni ukoma, na wenzake wakaacha kula naye sinia moja. Siku ya kwanza tuliyokula pamoja Kairo tulimwona amejipakulia sahani yake na kuketi kando. Tulipomwita alijibu, "Ami, nimekwisha zoea." Maneno hayo yalituchoma moyo kuliko magamba yenyewe.

Hapana budi tuseme wazi: soriasisi si ukoma, wala haiambukizi kwa kugusana, kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja. Ngozi ya mtu mzima wa afya hujibadili kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Ya mwenye soriasisi hujibadili kwa siku chache tu, kwa sababu askari wa mwili waliowekwa kuulinda huichokoza ngozi bila ya sababu. Ngozi mpya huja kabla ya ile ya zamani kuondoka, ikalundikana, na hayo ndiyo magamba. Mwaka 2014 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio juu ya maradhi haya, yakikumbusha kuwa hayaambukizi na kuwa wagonjwa wengi huteseka kwa kutengwa na watu.

Asubuhi ya pili kijana alituomba tufuatane naye sokoni. Alikuwa amesikia kuwa iko mbegu ya Misri inayoponya ngozi, na alikwisha weka akiba ya fedha. Tukatoka Azhar, tukaingia mtaa wa Ghuriya, penye maduka ya waatari. Hewa ya pale ni nzito kwa harufu ya hina, ubani, uwatu na habasoda. Tukakaribishwa na mzee mmoja aliyetutolea mtungi wenye mbegu ndogo za kahawia, mfano wa bizari nyembamba. Wamisri huuita mmea ule khilla ya shetani, na katika vitabu vya kale jina lake ni atrilal.

Mzee akauliza mgonjwa ni nani. Kijana akakunja mkono wa kanzu yake. Yule mzee akatazama kwa makini, kisha akaufunika mtungi. "Mwanangu," alisema, "mbegu hii haifanyi kazi peke yake. Hufanya kazi pamoja na jua, nami sina mizani ya kupimia jua. Nenda kwa tabibu." Alikataa fedha zetu, nasi tukamwombea kheri. Wauza dawa wa namna yake ni wachache.

Kutoka pale tulishika njia ya al-Mu'izz, kijana akiwa kimya kwa huzuni, mpaka tukafika penye mabaki ya madrasa ya Kamiliyya, iliyojengwa mwaka 1225 na Sultani al-Kamil. Tukaketi kivulini, tukamweleza habari ya mbegu ile, kwani inamhusu sultani huyo huyo. Al-Kamil ndiye aliyemweka Ibn al-Baytar, mwanachuoni aliyezaliwa Málaga katika nchi ya Andalusi, kuwa mkuu wa wajuzi wa mitishamba hapa Misri. Bwana huyu alisafiri nchi nyingi akiitazama mimea kwa macho yake, na katika kitabu chake kikubwa alipanga dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Humo alieleza kuwa Waberberi wa Maghribi huwapa unga wa atrilal wenye mabaka meupe ya ngozi, tuyaitayo mbalanga, kisha huwaweka juani. Alifariki Damascus mwaka 1248.

Karne saba zikapita. Hapa hapa Kairo, katika miaka ya 1940, tabibu wa ngozi Abdel Monem El Mofty aliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa wa mbalanga, na mwaka 1947 wataalamu Fahmy na Abu-Shady wakaitenga ndani ya mbegu asili ya nguvu yake, kitu ambacho leo huitwa methoksaleni. Tangu hapo ikawezekana kumpa mgonjwa kipimo kinachojulikana, badala ya kiganja cha unga.

Kisha elimu hiyo ikavuka bahari. Mwaka 1974 matabibu wa Boston, Marekani, walitangaza kuwa wamewapa methoksaleni wagonjwa 21 wa soriasisi, kisha wakawaweka mbele ya taa za mwanga maalumu uliopimwa. Kwa baadhi yao walilinganisha upande mmoja wa mwili na upande wa pili uliopata mwanga wa kawaida, ili wasidanganywe na matumaini yao wenyewe. Magamba yaliondoka. Dawa hii, ikiguswa na mwanga huo, hushikamana na chembe za ngozi na kuzizuia zisizaane kwa pupa.

Lakini waliojaribu hawakuacha kutazama. Kuanzia mwaka 1979, wachunguzi waliofuatia hali ya wagonjwa zaidi ya 1,300 walionya kuwa tiba hiyo huzidisha saratani ya ngozi, hasa kwa waliopata mwanga mwingi. Ndiyo maana siku hizi mahali pengi hutumiwa mwanga wa namna nyingine usiohitaji mbegu wala kidonge.

Msomaji asidhani hayo ni mambo ya mbali. Mama akamuaye ndimu nyingi kisha akatoka juani pasipo kunawa huweza kuungua mikono, ikatoka malengelenge na kubaki mabaka meusi kwa wiki nyingi. Ndimu ina kitu cha ukoo ule ule. Basi asemaye kuwa dawa ya majani haina madhara kwa kuwa ni majani, hajui asemalo.

Alasiri tulikwenda kwa tabibu wa ngozi. Alimpa kijana dawa ya kupaka, akampangia siku za mwanga, na akamwambia kweli kuwa maradhi haya hutulizwa lakini huweza kurudi. Kijana alitikisa kichwa. Alitaka kusikia kuwa atapona, nasi pia tulitaka hivyo.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na kwamba kila maradhi yameumbiwa dawa yake. Mafundisho hayo si ruhusa ya kumeza kila kiuzwacho. Ni amri ya kutafuta, na kutafuta ni kupima, kungoja, na kukiri kosa likionekana. Lakini dawa ya kutengwa haihitaji kungojewa. Hiyo imo mikononi mwetu.

Usiku ule lilipoletwa sinia la wali tuliiondoa ile sahani ya kando, tukamketisha kijana ubavuni petu. Kwanza alisita. Kisha akakunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko, akasema Bismillahi, akala pamoja nasi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuponye nasi wazima na ugonjwa wa kuwakimbia. Amin.