Feki? Panda Basi Hilo Paa

Wasee wakinipata nikicheki mieleka ya zamani huwa na swali moja: "Si unajua hizo ni feki?" Najua, manze. Mshindi huamuliwa kabla kengele ilie. Sasa kuja Pittsburgh, 28 Juni 1998, Undertaker na Mankind.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Wanaanzia juu ya kizimba cha wavu wa chuma, karibu mita 5 kutoka chini. Mankind anatupwa kutoka huko na kupasua meza ya watangazaji. Hiyo ilipangwa. Machela inaletwa, anatolewa, halafu buda anashuka kwa machela na kupanda kizimba tena! Huko juu anainuliwa, anabamizwa, paa linaachia. Anapita nalo hadi ulingoni, na kiti kinamfuata kikamgonga usoni. Hiyo haikupangwa na mtu. Jino limetoka, mdomo ni damu, na kamera inampata kwa kona akitabasamu. Na bado hajalalia zile pini zitakazomwagwa ulingoni. Hata mechi yenyewe alipoteza.

Tangu niache chuo, mjomba wangu ana swali lake kuhusu video zangu: "Hiyo ni kazi ya ukweli?" Juzi nilirekodi hadi saa tisa usiku, nikapata sekunde 40 za maana.

Akikuja Krismasi namwekea Mankind. Nataka kuona uso wake paa likiachia.