Irabu Moja

Rimoti mpya ya gari langu, Toyota kuukuu iliyotembea Japani kabla ya kuvuka bahari, ilifika ikiwa haijui lolote. (Wapo wanaopendelea kitenzambali. Nami ningelitetea neno hilo darasani, ila dukani niliomba rimoti.) Fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu alinieleza kwa simu namna ya kuisajili mwenyewe nyumbani.

“Ni mizani tu, Mwalimu. Usipunguze wala usizidishe.”

Basi nikahesabu kwa vidole, kama tulivyofunzwa chuo cha ualimu. Mlango wa dereva wazi; ufunguo uingie kwenye swichi, utoke. Mlango funga, fungua, funga, fungua. Ufunguo ndani, nje. Mlango tena mara mbili. Kisha ufunguo uingie, mlango ufungwe, niuzungushe hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, niurudishe, niutoe. Yote haya yana muda wake: ukisita kutafuta miwani, ubeti unaanza upya. Nilianza mara tatu.

Siri imo katika kule kuzungusha kwa mwisho. Kwa gari la aina yangu, mara moja ni kuongeza rimoti juu ya zilizopo. Mara mbili ni kufuta zote za awali. Nilizungusha mara mbili. Loki za milango zikagota mara mbili, nami nikadhani napongezwa. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha kimoja, milango ikaitika.

Jioni nilitoa kwenye mtoto wa meza rimoti ya marehemu mke wangu, yenye kamba ya ushanga aliyoitunga mwenyewe. Huibonyeza mara mojamoja, nisikie gari likimwitikia. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Ndipo nikatambua kuwa gari limemsahau, na aliyelisahaulisha ni mimi, niliyewakata wanafunzi alama miaka mingi kwa kuandika “futa” walipokusudia “fuata”, nikiwaambia irabu moja si jambo dogo.

Alfajiri nikarudi garini. Safari hii nilihesabu kwa sauti, na mwishoni nikazungusha mara moja tu. Loki zikagota mara moja. Nikashika rimoti yenye ushanga, nikabonyeza viwili, kisha kimoja.

Nilifunga milango, nikafungua, nikafunga tena, hata jirani akachungulia ukutani kuuliza kama gari lina hitilafu.