Kwa taksiborosy hadi Antsirabe

Asubuhi ya Antananarivo inanukia moshi wa mkaa na mofo gasy, ndugu wa damu wa vitumbua vyetu: unga wa mchele na chuma chenye vishimo vya duara. Ndege ya kutoka Nairobi hutua Ivato, na kutoka hapo unaingia mji uliokwea vilima, ambao wenyeji huuita Tana tu. Teksi zake ni Renault 4 na Citroën 2CV za rangi ya maziwa, kuukuu lakini zinapendwa. Mita hakuna, patana kwanza. Kila mteremko dereva wangu alizima injini kubana mafuta, tukashuka kimya tukisikia kengele za makanisa.

Lakini anayetaka kuiona Madagaska apande taksiborosy, basi dogo la masafa linaloondoka likijaa, si saa ikifika. Kituoni wapiga debe walininyang'anyana, mizigo ikarushwa juu: godoro, baiskeli, matenga ya kuku, kisha turubai. Tulibanana hadi nikalijua vizuri bega la jirani yangu, mama mmoja aliyenipakatisha mwanawe bila kuniuliza. "Salama!" alisema. "Salama!" nikajibu, tukawa jamaa.

Barabara ya RN7 inaelekea kusini kati ya majaruba ya mpunga yaliyopandiana ngazi kwa ngazi, nyumba ndefu za matofali mekundu, na ng'ombe wenye nundu ambao huku ni omby. Ambatolampy, mji wa wasubu alumini, sufuria zilipangwa kando ya njia ziking'aa juani. Tulisimama kula kwenye hotely, ambayo kama hoteli ya mtaani kwetu ni ya kula, si ya kulala. Ulikuja mlima wa wali na ravitoto, kisamvu kilichotwangwa, kwa kawaida kikiwa na nyama ya nguruwe. Asiyekula aombe akoho, kuku. Kisha ranovola: maji yaliyochemshwa juu ya ukoko, ya moto, yenye ladha ya wali ulioungua. Nilirudia kikombe.

Antsirabe, kilomita zipatazo 170 kutoka Tana na mita 1,500 hivi juu ya bahari, ilitupokea kwa baridi kali. Huku anayetawala barabara ni pousse-pousse, mkokoteni wa abiria uliopakwa rangi za kila aina, unaovutwa na mtu. Kuvutwa na binadamu mwenzangu kulinikwaza. Mvutaji aliniona nikisita, akacheka, akapangusa kiti. Wengi wao hukodi mikokoteni hiyo kwa siku, na abiria anayeona haya hawalipii kodi. Nikapanda, nikalipa bila kubishana.

Ukienda, chukua sweta na noti ndogo za ariary, na epuka miezi ya mvua, Desemba hadi Machi. Wahi kituoni alfajiri uombe kiti cha mbele kando ya dereva, na usisafiri usiku.