Karatasi za Askari

Mbwa wetu anaitwa Askari. Si mbwa wa sifa, ninyi wasomaji mngemcheka: ni mbwa wa Bukavu tu, mwekundu, sikio moja limekatika. Lakini mtoto wa kaka yangu alimlea tangu mdogo, mwaka ule alipofiwa na mama yake na kuja kwangu.

Mwaka 2023 binti huyo alipata ruhusa ya kumfuata mume wake Ubelgiji. Akaniambia: «Baba mdogo, bila Askari siendi.» Nikacheka. Kumbe mbwa naye anatakiwa karatasi, tena ngumu kuliko za mtu.

Tulikwenda kwa mganga wa nyama. Akamchoma Askari sindano ya kichaa cha mbwa, akapiga muhuri, tukarudi na furaha. Baada ya wiki sita tukaambiwa sindano ile haihesabiwi, kwa sababu mbwa hakuwa na alama bado. Alama hiyo ni kidude kama punje ya mchele, chenye namba, kinachotiwa chini ya ngozi ya shingo. Ulaya wanataka alama kwanza, sindano baadaye. La sivyo, nani atajua kwamba mbwa aliyechomwa ndiye huyu? Basi tukaanza upya. Baada ya sindano, kungoja siku 30. Ndipo kutoa damu na kuipeleka katika maabara iliyokubaliwa na Ulaya. Na toka siku ya kutoa damu, kungoja miezi 3 tena.

Tiketi ya ndege ilikuwa ya mwezi uliofuata.

Nilikasirika sana. Miezi mitatu ya nini, ikiwa damu ni njema? Mganga mwingine, mzee, alinieleza polepole. Ugonjwa huu hujificha mwilini wiki nyingi, hata miezi. Mbwa aliyekwisha kuumwa na mwenzake mwenye kichaa anaweza kupanda ndege akionekana mzima. Na dalili zikianza, awe mtu awe mnyama, karibu hakuna anayepona. Nikanyamaza. Nilikumbuka mtoto wa jirani aliyeumwa mguuni. Wazazi walifunga kidonda kwa majani, wakangoja. Tulimzika.

Usiku binti alilia barazani. «Baba mdogo, niende au nibaki?»

«Nenda, mwanangu. Mume hawezi kungoja kwa ajili ya mbwa.»

Alikwenda. Jibu la damu lilifika, zuri. Lakini sheria inataka mbwa asafiri na mwenyewe, au wasipitane zaidi ya siku 5. Basi lazima arudi kumchukua, na nauli ni kubwa. Cheti cha mwisho cha mganga wa serikali hatujakiomba, maana toka kuandikwa mpaka kuingia Ulaya kinafaa siku 10 tu.

Kila mwaka nampeleka Askari kuchomwa kabla tarehe ya zamani haijapita. Ikipita, hata ile damu haina kazi tena. Mganga huniuliza: «Mzee, safari lini?»

Namjibu: «Wewe andika tarehe tu.»