Ngozi ya Mbuzi, Mshono wa Mbega

Barabara ya Embu kwenda Meru inazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka tena: Thuci, Ruguti, Nithi. Ukielekea Meru, kushoto kwako ni chai na migomba mpaka ukingo wa msitu. Kulia nchi inateremka kuingia Tharaka, kwenye joto, mtama na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Chuka iko hapo kati, na vazi la wapiga ngoma wake limetoka pande zote hizo. Msitu ulitoa mbega, nyika ikatoa ngozi za mbuzi na manyoya ya mbuni, na pwani ya mbali ikaleta simbi na shanga zilizopita mikononi mwa wachuuzi wengi kabla ya kufika huku juu.

Nyuma ya jukwaa la sherehe, wapiga ngoma walikuwa wanavaa. Njuga zilifungwa kwanza, kisha ngozi za kiunoni, kisha vipande vya manyoya marefu, meusi na meupe, chini ya magoti. Cha kichwani kilingoja mwisho. Mzee mmoja akanipa chake nikishike. Kilikuwa kizito. Mkanda wa ngozi ya ng'ombe wenye upana wa vidole vitatu, ndani umeshonewa kitambaa kilichokolea jasho, nje nywele nyeupe zimening'inia shubiri nzima. Matundu yalikuwa yametobolewa kwa msharasi, yote kwa nafasi moja. Uzi ulikuwa wa nailoni.

"Hii ni mbega, mzee?"

"La, mwanangu, hii ni mbuzi. Ya mbega aliivaa baba yangu. Leo ukiivaa utaulizwa karatasi."

Ni kweli. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikafuata na biashara ya nyara 1978, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani mtu anayeweka ngozi ya mnyama wa porini bila kibali. Mimi naiunga mkono sheria hiyo bila kusita. Mbega ni mnyama wa kutunzwa: anaishi juu ya miti, chakula chake kikubwa ni majani, hana kidole gumba cha maana, na mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Ulaya walipenda kuvaa makoti ya ngozi yake, na shehena zikasafirishwa kwa meli kukidhi tamaa hiyo. Mpiga ngoma aliyerithi ngozi moja kutoka kwa baba yake asitwishwe mzigo huo.

Lakini sheria haikumfundisha mshonaji afanye nini kesho yake. Nywele ndefu za mbega humwota mabegani, ubavuni na mkiani, nazo ni laini, zinapepea kwa mtikiso mdogo tu. Za mbuzi ni fupi na ngumu. Mzee alinieleza alivyolitatua jambo hilo. Huchagua beberu mwenye nywele ndefu, hukata ngozi vipande vyembamba, kisha huvishona kwa safu, ya juu ikifunika mshono wa ile ya chini, mpaka nywele zishuke kwa urefu anaoutaka. Kati ya safu na safu huacha upenyo. Akibana sana, nywele zinasimama badala ya kucheza.

Nilimkumbuka fundi mwingine, wa mbali sana. Katika Tenochtitlan, mji wa Waazteki ulioangushwa na Wahispania mwaka 1521, mafundi wa manyoya waliitwa amanteca, na walikuwa na mtaa wao. Manyoya marefu ya kijani ya ndege quetzal yalifika kama kodi kutoka majimbo ya kusini, likiwemo Xoconochco, karibu na Guatemala ya leo. Taji moja kubwa la manyoya hayo limo Vienna, Austria, na limedhoofika kiasi kwamba wataalamu wanahofia mtikiso wa safari. Meksiko, inayolidai, inaonyesha nakala. Taji hilo limehifadhika, lakini halichezwi. Hapa Chuka vazi linachakaa kila linapovaliwa, na kila linapochakaa mtu analishona upya. Nikiambiwa nichague, nitachagua hili linalochakaa.

Ngoma zilipoanza nikaona kwa nini upenyo ule una maana. Ngoma ya Chuka ni ndefu na nyembamba. Mpigaji huining'iniza kwa mkanda, huibana katikati ya mapaja, huinama mbele na kuipiga kwa viganja. Akiwa ameinama hivyo, uso wake hauonekani. Kinachoonekana ni manyoya ya kichwani na ya miguuni, na ndiyo yanayouonyesha mwendo kwa mtazamaji aliye mbali: bega likitikisika kidogo, weupe wote unaruka. Nywele za mbuzi zilicheza.

Meru mjini, katika jumba la mawe lililokuwa ofisi ya mkoloni na ambalo sasa ni makumbusho, ngozi na mapambo ya kale yamewekwa kwa uangalifu. Nairobi, Makumbusho ya Taifa yana picha za Joy Adamson, aliyeanza mwaka 1949 kuchora watu wa Kenya wakiwa katika mavazi yao, Wameru wakiwemo. Alichora kila ushanga mahali pake. Mshonaji kijana akiketishwa mbele ya picha hizo pamoja na mzee kama yule wa Chuka, atapata kwa wiki moja mambo ambayo kioo cha kabati hakiwezi kumwambia.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti shughuli za utamaduni. Meru, Tharaka-Nithi na Embu huwaita wapiga ngoma kila linapojengwa jukwaa, huwalipa posho ya siku, na magari huondoka. Naziomba zilipe pia mwaka wa uanagenzi: ngozi, msharasi, uzi, na ujira wa mzee anayefundisha. Yule niliyezungumza naye ana mwanafunzi mmoja tu, mjukuu wake, ambaye kwa sasa anashona mikanda ya miguuni. Cha kichwani bado hajaruhusiwa kukigusa.