Taa Iliyokuwa Ikikonyeza

Ufunguo wa Prado ya Baba ulikaa miezi mitano kwenye droo ya jikoni kwangu South B, pamoja na betri zilizoisha, mishumaa na risiti za tokeni za stima. Kila nilipotafuta kiberiti, mkono uliugusa kwanza. Nilijiambia nimefanya jambo la busara, na kwenye grupu ya WhatsApp ya familia hakuna aliyenipinga.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwezi wa tatu Baba alikuwa akitoka upande wa Mwatate kuingia barabara ya Mombasa pale Voi. Akaona nafasi, akakanyaga mafuta. Gari likaingia nusu ya barabara kisha likaanza kutambaa, kama linasukumwa na watu wasiokula tangu jana. Lori likaja likipiga honi, dereva akakwepa kwa rehema za Mungu, na hakuna aliyeumia. Lakini kijana mmoja wa boda kutoka kwetu alikuwa pale akiona. Kabla Baba hajafika nyumbani Wundanyi, mimi Nairobi nilikuwa nimeshajua, na kaka yangu Mombasa alikuwa ameshaandika: "Mzee ana miaka 71. Hawezi tena kupima nafasi. Tusingoje mazishi."

Nilimpigia Baba simu. Akasema, "Gari lilikataa kuondoka."

"Gari halikatai, Baba."

"Hili limekataa. Na kuna taa inanikonyeza."

Ile ya taa nilimwambia Mama na tukacheka kidogo, kile kicheko cha watu wenye wasiwasi. Wikendi hiyo nilipanda treni hadi Voi, nikachukua matatu hadi Wundanyi, nikanywa chai, nikaomba ufunguo. Baba hakubishana. Aliutoa mfukoni, akaung'oa kwenye kishikizo cha ngozi alichopewa na wanafunzi wake alipostaafu, akanipa ufunguo peke yake. Kishikizo akabaki nacho.

Hilo gari si la fahari. Ni Prado ya mwaka 1997, dizeli ya lita 3, otomatiki ya gia nne. Baba alilinunua 2004 likiwa limeshatumika Japani, akalilipa kwa mkopo wa sako ya walimu. Limebeba mabati, mbuzi, maharusi, na mama wajawazito wasiohesabika kuwashusha hospitalini usiku. Mlima wetu una kona ambazo gari dogo likikutana na mvua linaomba msamaha. Kwa hiyo nilipoondoka na ufunguo, sikumwachisha mzee kuendesha tu. Nilifunga ofisi yake.

Mama ndiye aliyekuwa akinipa habari. Baba hashuki tena sokoni. Baba analala mchana. Baba ameacha kunyoa ndevu siku za kazi. Nikasema, ndiyo uzee huo. Niliona kila dalili na kila moja nikaipa jina lile lile.

Mwezi wa nane tuliamua kuliuza. Mnunuzi wa Voi alipanda na fundi wake, nami nikawatumia ufunguo kwa dereva wa matatu. Fundi aliwasha, akaweka D, akaenda mita 50 na kurudi. Dakika mbili. Akatoa hukumu: giaboksi imekufa, inatakiwa nyingine ya kutoka Japani, 140,000, na kazi yake 25,000. Mnunuzi akashusha bei hadi nikahisi aibu kuitaja kwenye grupu. Kaka akaandika, "Si uuze tu hiyo kitu." Nikakubali. Nikasafiri nilishushe mwenyewe hadi Voi.

Baba akasema atanisindikiza. Alivaa koti, akaketi upande wa abiria na kufunga mkanda. Tukaanza kuteremka. Kwenye zile kona gari lilikuwa likiteleza bila kujizuia, mguu wangu haukutoka kwenye breki, na harufu ya breki moto ikaanza kuingia ndani.

"Weka L hapa," Baba alisema.

Nikaweka. Injini ikanguruma, gari likajishika.

"Kona ikiisha, rudisha D."

Tulishuka hivyo hadi Mwatate, yeye akisema na mimi nikitii. Barabara ikanyooka na nikasahau. Tukafika pale pale kwenye barabara ya Mombasa. Nikaangalia kulia, lori lilikuwa mbali. Kushoto hakuna kitu. Mimi nina miaka 29, naendesha Nairobi kila siku, na nafasi ile ingetosha magari matatu. Nikakanyaga.

Gari likaingia nusu ya barabara na kuanza kutambaa.

Mguu ulikuwa umefika chini kabisa. Injini inaguna, gari haliendi. Honi ya lori naikumbuka hadi leo. Tulivuka, nikaegesha kando, mikono ikitetemeka kwenye usukani. Nilingoja Baba aseme neno. Alikuwa anatazama nje dirishani, upande wa mbali na mimi, na nikaelewa kwamba ananisitiri.

"Samahani, Baba."

"Twende mjini," akasema. "Kuna kijana nilimfundisha. Hafungui giaboksi, ni fundi wa waya. Lakini ni mtu wa kusikiliza."

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati chini ya mwarobaini. Alipomwona Baba alifuta mikono kwanza. "Shikamoo, mwalimu." Kisha hakugusa gari. Aliuliza maswali, akiniangalia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa na ufunguo.

"Ilianza lini, dada?"

Sikujua.

"Inasumbua ikiwa baridi ama ikipata moto?"

Sikujua.

"Rivasi je?"

Hapo Baba alijibu, na hakunyamaza tena. Ilianza Januari, siku chache baada ya bomba la moshi kuchomelewa. Baridi au moto ni sawa tu. Rivasi ina nguvu kama zamani. Mbele ndiyo shida, lakini ukiweka L inavuta kuliko ikiwa D. Kutoka getini kwake, ambapo kuna mwinuko, alikuwa akitumia ile gia ndogo ya pembeni, LL, halafu anairudisha H akifika barabarani. Kwenye tambarare likishapata mwendo linakwenda vizuri.

Alikuwa na jibu la kila swali. Kwa miezi mitano ripoti nzima ilikuwa imekaa pale sebuleni, imevaa sweta, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeiomba.

"Rivasi ina nguvu, L inavuta," fundi alirudia polepole. "Basi giaboksi haijafa. Maiti haichagui gia."

Akaanza na oili. Tulizungushwa mjini kwanza ili ipate moto, kisha akatuegesha mahali tambarare. Injini ikinguruma taratibu, akanipitisha kila gia, P hadi L na kurudi P, halafu akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa kati ya alama mbili za HOT. Aliipaka kwenye kitambaa cheupe: nyekundu iliyofifia, bila vumbi la chuma. Akainusa, akaniambia nami ninuse. "Ikiungua inanuka kama ugali ulioshika sufuria. Hii haijaungua."

Kisha akainama ndani na kutazama dashibodi. Taa ya O/D OFF ilikuwa inawaka, imetulia.

"Nani amezima ovadraivu?"

Baba akakohoa. "Mimi. Ile taa ilikuwa inanikonyeza. Nikagundua nikibonyeza kile kitufe kwenye gia, inatulia."

Fundi akabonyeza kitufe. Taa ikazimika, na alipoliendesha kidogo ikaanza kukonyeza. Waka, zima. Waka, zima. Nilihisi uso ukipata moto. Mzee alituambia kwa maneno hayo hayo, na sisi tukacheka.

"Gari likifanya hivi linaomba kuulizwa," fundi alisema. Alizima injini, akafungua boneti, akatafuta kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna matundu yenye majina. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha TE1 na E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, akaniambia nihesabu.

Taa ikawaka mara sita. Ikapumzika. Ikawaka mara mbili. Ikapumzika zaidi, ikaanza upya.

"Sita, mbili," nilisema.

"62. Solenoidi namba moja." Akageuka kwa Baba, na nikaona amefurahi kupata nafasi hiyo. "Mwalimu, nikupe hesabu. Kompyuta inachagua gia kwa solenoidi mbili. Ikiwasha ya kwanza peke yake, ni gia ya kwanza. Ikiwasha zote mbili, gia ya pili. Ikiwasha ya pili peke yake, gia ya tatu. Ikizima zote, gia ya nne. Sasa toa solenoidi ya kwanza. Unabaki na nini?"

Baba alifunga macho kama alivyokuwa akifanya ubaoni. "Ya tatu na ya nne."

"Na ya nne umeizima kwa kile kitufe."

"Basi ya tatu." Akafungua macho. "Ya tatu peke yake."

"Mwalimu, tangu Januari unaondoka na gia ya tatu."

Lingekuwa gari la manuali, tungejua siku ya kwanza. Ukijaribu kuondoka na gia ya tatu kwa manuali, injini inatetemeka na kuzimika, na kila mtu kwenye foleni anakucheka. Otomatiki ya zamani ina toki konveta kati ya injini na giaboksi, chombo cha mviringo kama sufuria iliyofunikwa, kimejaa oili. Injini inazungusha feni ya upande mmoja, oili inasukuma feni ya upande wa pili. Mzigo ukizidi, oili inateleza tu. Gari halizimiki. Linavumilia, linakwenda polepole, na anayelitazama kwa nje anasema limezeeka.

Hata hivyo namba 62 haisemi solenoidi yenyewe imekufa. Inasema kompyuta haisikilizani nayo. Fundi alichomoa plagi ya waya unaoingia giaboksi, akaweka mita: omu 13. Kipimo chake ni kati ya 11 na 15. Nzima. Akapima mkondo huo huo kutoka kwenye kompyuta ndani ya gari, waya ukiwa umerudishwa. Mita haikusoma kitu. "Kwa hiyo imekatika njiani." Akatandika gunia, akaingia uvunguni na tochi mdomoni.

Tulisikia akicheka kabla hajatoka. Waliochomelea bomba la moshi walikuwa wamefungua kibanio cha nyaya na hawakukirudisha. Nyaya zikalala juu ya bomba, plastiki ikayeyuka, na waya mmoja ukaungua hadi ukakatika. Alinionyesha kipande chenyewe. Kilikuwa kifupi kuliko kidole changu.

Aliunga waya mpya, akauvisha mpira wa kuzuia joto, akaufunga mbali na bomba, akafungua tamino ya betri kwa muda ili kompyuta isahau yaliyopita. Alitaka shilingi 1,500. Baba akaongeza 500 za chai. Nilimpigia mnunuzi na kumwambia gari haliuzwi. Kwenye grupu niliweka picha ya ule waya, nikaandika, "Haikuwa Baba." Kaka alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaandika, "Mwambie nitampigia jioni." Na kweli alipiga.

Nilimpa Baba ufunguo pale chini ya mwarobaini. Aliutazama. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti na kutoa kile kishikizo cha ngozi. Alikuja nacho kutoka nyumbani, siku tuliyokuwa tunakwenda kuuza gari. Sikumuuliza kwa nini.

Kwenye makutano alingoja. Magari mawili yakapita, basi likapita, nafasi nzuri ikapita na hakuitumia. Nilibana midomo. Barabara ilipokuwa tupu kabisa pande zote, alikanyaga, na gari likaruka kama limekumbuka ujana. Nilisikia kila gia ikibadilika. Baba alihesabu kwa sauti ya chini: "Moja. Mbili. Tatu." Ya nne ilingoja hadi tulipoiacha barabara kuu na kuelekea Mwatate, na aliitaja kama mtu anayesalimia jirani aliyekuwa safarini.

Tulianza kupanda. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya milima na nikaona amepunguza mwendo kuliko nilivyotarajia, amesogea mbele kidogo kwenye kiti. Nikataka kusema kitu. Nikajizuia.

"Wiki ijayo nitashuka nikapimwe macho," alisema bila kugeuka. "Giza likianza kuingia, yananisumbua."

Ningeweza kusema, si tulikwambia. Ningeweza kuufikiria tena ule ufunguo na ile droo.

"Tangu lini, Baba?" nikamuuliza. "Ni yote mawili ama moja?"

Akaweka L kwenye kona, akaanza kunieleza.