Tembo wa Kisutu
Dar ni jiji la kuhamia. Kulihama hakuna anayekufundisha. Nilipopata uhamisho wa kwenda Itigi, Singida, wengi niliowaaga waliuliza, "Huko ni wapi tena?" Jirani yangu, mama wa Kihindi, hakuuliza. "Mwanangu, safari haianzi bila Ganesh," alisema, akanipeleka Mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu yaliyokaribiana.

Tulivua viatu. Akagonga kengele, akaweka maua na nazi mbele ya mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye Wahindu humwomba kwanza wanapoanza jambo jipya, awaondolee vikwazo. Mimi si muumini wake, nilisimama kando tu. Lakini nilipolisikia jina langu katikati ya Kigujarati, donge likanikaa kooni. Miaka tisa mjini, na aliyeniombea njia ni mtu wa dini nyingine kabisa.

Kusini mwa Itigi kuna Pori la Akiba la Rungwa. Huku ukitaja tembo, mkulima anawaza mahindi yake kwanza. Kwa hiyo bado sijamwambia mtu kwamba mimi nimeletwa huku na tembo.